Mivule ya Bustani na Maiki ya Mazishi

Nilipigiwa simu asubuhi kabla sijamaliza chai, nikaambiwa mzee wetu wa kutazama ndege ameaga dunia nyumbani kwake, kijijini Mundika. Wasomaji wa safu hii mnamjua ingawa sijawahi kumtaja jina: yule wakala wa forodha mstaafu aliyetembea na darubini shingoni kama wengine wanavyovaa rozari. Nililia. Kisha nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoandika leo, kwa hiyo msitarajie upole.

Lakini kwanza nicheke kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe angecheka. Kuna siku alinishika mkono twende tuangalie ndege katika bustani za mjini, tuanzie Busia tumalizie Malaba, miji yetu miwili ya mpakani. Busia tuliona ndege wadogo aina ya chozi wakifyonza maua nyuma ya ofisi za mji, na mwewe akampokonya mama mmoja nyama mkononi, mama akamtukana mpaka akaishiwa na matusi. Malaba tuliketi kwenye kibustani kinachopakana na foleni ya malori, naye akaelekeza darubini kwenye vichaka vya mpakani. Vijana waliokuwa wakivusha sukari kwa baiskeli wakamwona. Sasa, mpakani hakuna anayeamini kwamba mtu mwenye darubini anatazama ndege. Huyo ni mtu wa ushuru. Baiskeli ziligeuzwa mbio, gunia likaanguka, na dereva mmoja wa lori akashuka kuja kuwaombea. "Boss, hao ni watoto wa watu, wanatafuta tu unga. Wasamehe, mzee." Mzee akamjibu, "Mimi natafuta ndege tu, mdiria, na hao wamenifukuzia." Dereva hakuamini hata kidogo. Alikaa nasi mpaka jioni, akitulinda tusipige simu.

Alichokipenda kuliko vyote ni mivule miwili ya bustani ya Busia, ambamo yangeyange, wale ndege weupe, walitaga kila mwaka. Bwana mkubwa mmoja wa mji, mwanasiasa, aliichukia mivule hiyo kwa kuwa ndege walimchafulia gari. Akaamuru ikatwe. Mzee alikwenda kumwomba, kofia mkononi, nami nikiwa kando yake. Hakuomba amri ifutwe. Aliomba makinda waachwe kwanza waruke. "Mzee, town inakua," akaambiwa, "na wewe unaniletea story ya kuku ya msitu?" Ofisi nzima ikacheka, maana mkubwa akicheka wadogo hawana budi. Kesho yake msumeno ukanguruma. Makinda walianguka pamoja na viota, midomo wazi, tukawaokota kwa karai. Mkewe mzee aliwalisha dagaa wa omena waliopondwa, akakesha nao kama wagonjwa, lakini wakafa mmoja mmoja. Mbao za mivule hatujui ziliishia wapi, ingawa bwana mkubwa alijenga nyumba muda si mrefu baadaye, na nasikia milango yake ni mizuri sana. Mzee hakukanyaga bustani ile tena. Sisemi hicho ndicho kilichomuua. Nasema kilimwondolea sababu ya kuamka.

Siku ya mazishi nilipewa kazi ya kuongoza shughuli. Mnajua desturi yetu: mkubwa huja amechelewa, magari yakitimua vumbi juu ya sahani za watu, maombi yakasimama, naye akapewa maiki amsifu marehemu ambaye hakumjali. Na kweli, bwana mkubwa akaja. Mjane akaniita pembeni, macho makavu. "Shemeji, huyo akishika maiki, mimi naingia kwa nyumba na sitoki. Mtazika bila mimi."

Mpambe wa bwana mkubwa akanijia akitabasamu. "Boss anataka kusalimia watu tu. Dakika mbili."

"Hata moja haiko," nikasema.

"Unajua huyo ni nani?"

"Namjua vizuri. Ndiyo maana."

Bwana mkubwa alikuwa amekwisha kusimama, amefunga vifungo vya koti, mkono ameunyoosha kupokea maiki. Maiki nikampa mchungaji. Tukaimba tukielekea kaburini, na mkono ule ukabaki hewani mbele ya kijiji kizima mpaka mwenyewe akaukumbuka na kuurudisha mfukoni. Hakungoja tutupe udongo kaburini; aliondoka. Nilifurahi, ndugu zangu. Nilifurahi kiasi kwamba chakula cha mazishi kilinikolea kama cha harusi.

Tangu hapo nimelaumiwa. Wazee wa kanisa wananiambia mazishi si mahali pa kisasi, na kwamba aliye juu mngoje chini. Mimi nimewangoja wakubwa chini miaka mingi, na hawashuki. Kwenye ofisi zao sisi ndio waombaji, barabarani sisi ndio wa kupisha, na miti ikikatwa sisi ndio wa kuokota. Kuna siku moja tu ambayo wao hutuhitaji: siku tunapozika, wanapotaka maneno matamu ya kuombea kura juu ya maiti wetu. Siku hiyo maiki ni yetu. Tuishike kwa mikono miwili.