Mama Viraka na mashine iliyofunikwa kitambaa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi. Feni ya kompyuta iliyo chini ya meza inavuma kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ameegemeza kidevu kwenye ngumi, anatazama maandishi yanayopanda kwenye kioo. Yakiwa meupe, hasemi kitu. Yakitokea mekundu, anaguna.

"Hilo hapo," anasema na kuligusa kwa ukucha. "Kosa la mwisho, nadhani. Wiki iliyopita yalikuwa kumi na manne."

Chumba hiki kilikuwa stoo. Bado kina ndoo mbili za rangi iliyoganda na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Mumewe, ambaye anaendesha lori, anapita mlangoni na kikombe mkononi. "Nyumba hii ina madereva wawili," anatania. "Mimi nikikosea, watu wanaona. Huyu akikosea, hakuna anayejua."

Mama Viraka hacheki. Kwa kawaida angecheka.

Hilo ndilo jina wanalomwita wenzake wa kazi, ambao wengi wao hajawahi kuonana nao uso kwa uso. Kila kompyuta ina kiini, ile sehemu inayoamka kabla ya nyingine zote. Kiini hakijui kuzungumza na printa wala kamera wala kibodi mpaka kila kifaa kiwe na mkalimani wake. Wakalimani hao huitwa viendeshi, nao ni maelfu. Kiini kinapobadilishwa, baadhi ya viendeshi vya zamani hushindwa kujengwa, yaani kugeuzwa kutoka maandishi ya binadamu kuwa kitu ambacho mashine inakielewa.

"Ni hivi," anaeleza. "Ulizoea kupeleka vitu viwili mlangoni. Watu wamekaa kikao, wameamua sasa ni vitatu. Wewe hukuwepo. Unakuja na viwili vyako, unarudishwa, na ujenzi mzima unasimama. Mimi ndiye ninayekwenda kutafuta hicho cha tatu."

Marekebisho anayotuma huitwa viraka. Kwa miaka kumi na miwili ametuma zaidi ya elfu mbili. Jirani yake, fundi seremala, hajawahi kuelewa. "Kila nikimuuliza, ananiambia anajenga," anasema seremala huyo, akiwa ameegemea ukuta wa uani. "Miaka yote hiyo anajenga, hata banda la kuku sijaliona."

Lakini leo Mama Viraka hatafuti kitu cha tatu cha mtu mwingine. Anajaribu kurudisha kiendeshi alichokifuta kwa mkono wake mwenyewe. Dirisha la kupokea viraka vya aina hii linafungwa kesho jioni. Likifungwa, litafunguliwa tena baada ya wiki tisa.

Kwa mtu mwingine wiki tisa si kitu. Kwa mjomba wake ni nyingi.

Mjomba huyo ana miaka sabini na minne. Surua ilimpofusha akiwa na miaka sita. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na likizo za shule mpwa wake alikuwa akikaa miguuni pake, chini ya meza yenye waya, akimsikiliza akiwatafutia watu jamaa zao wodini. Katika miaka yote hiyo, anasema, hakuwahi kumwambia mpigaji simu kwamba mtu wake hayupo.

"Nitajuaje kama hayupo?" anauliza mzee huyo. "Mimi sioni. Labda kahamishwa wodi. Labda kalala. Nilikuwa nasema, bado namtafuta."

Alipostaafu, wafanyakazi wa hospitali walimchangia mashine ya kusomea nukta nundu. Ni kama rula nene, na juu yake kuna vijisindano vya plastiki vinavyopanda na kushuka. Barua inayoingia kwenye kompyuta hugeuka nukta chini ya vidole, mstari mmoja mmoja. Kwa jinsi alivyokuwa akiichezea, familia iliipa jina: Kinanda.

Jina hilo, Mama Viraka anaamini sasa, ndilo lililomponza: hakuwahi kulijua jina la kiwandani la mashine hiyo.

Mwaka jana, katika wiki moja, viendeshi sitini na vitatu vilikataa kujengwa kwa mpigo. Kimojawapo kilikuwa na mistari elfu moja mia moja na ishirini na sita, na jina la faili lake lilikuwa herufi tatu na tarakimu nne, jina la chipu iliyo ndani ya kifaa fulani cha zamani. Hakuna aliyeligusa faili hilo kwa miaka tisa. Kosa lenyewe lilikuwa lile lile la vitu viwili na vitatu.

"Nusu siku," anasema. "Kiraka chake kilikuwa cha nusu siku. Hilo ndilo linaloniuma."

Hakukifanya. Utaratibu wa kazi yao ni kwamba kiendeshi kisicho na mtu wa kukijaribu ni mzigo kwa wote. Akaandika swali kwenye orodha ya barua pepe ya watunza kiini: je, kuna mtu bado anatumia kifaa hiki? Akasubiri wiki sita. Hakuna aliyejibu. Akafuta.

"Nisikudanganye, niliifurahia siku ile," analiambia gazeti hili. "Kufuta kunaburudisha, kama kusafisha kabati. Mkubwa wetu aliniandikia maneno mawili, kazi safi. Nikaenda kulala nikijiona mtu wa maana."

Baada ya miezi minne, fundi aliyekuja kuangalia kompyuta ya mjomba aliiwekea mfumo mpya, kwa nia njema kabisa. Kesho yake mzee aliweka vidole kwenye Kinanda. Hakukuwa na nukta hata moja.

Ingetosha kumwita mtu. Lakini mwezi huo huo daktari alikuwa amemwambia kwamba kisukari chake kingeanza kuua hisia kwenye ncha za vidole.

"Nikagusa, kimya," anasimulia mzee. "Nikasema, basi, siku yenyewe ndiyo hii. Kijiko nilikuwa nakihisi, lakini kijiko ni kikubwa. Nukta ni ndogo kama punje ya chumvi."

Hakumwambia mtu. Aliifunika mashine kwa kitambaa cha meza chenye maua ya bluu, akaendelea na redio yake.

Miezi kumi na mmoja ikapita. Kila Jumapili Mama Viraka alikwenda kumsalimia, umbali wa mitaa miwili, na kila Jumapili alikiona kitambaa.

"Nilifikiri anailinda na vumbi," anasema. Anageuza uso kwenye kioo, ingawa hakuna jipya linalotokea pale. "Kazi yangu ni kuona kilichovunjika. Nimekaa mbele ya kile kitambaa mara arobaini na kitu, nakunywa chai."

Jumapili moja, wiki tano zilizopita, alitaka kumpigia pasi mjomba wake shati. Soketi ilikuwa nyuma ya meza. Alikisogeza Kinanda, kikateleza, akakidaka kikiwa kichwa chini. Kwenye sehemu ya chini kulikuwa na lebo iliyofifia. Herufi tatu, tarakimu nne.

Alikaa sakafuni. Mjomba akasubiri mlio wa pasi, asiusikie.

"Mama, mbona umenyamaza? Pasi haiwaki?"

"Hapana, Mjomba. Hii mashine, unaitumia?"

"Niache nayo. Vidole vyangu vimekwisha."

"Toka lini?"

Mzee alimtajia mwezi. Mpwa akahesabu kwa vidole na hesabu ikakubali.

"Mjomba, si vidole."

"Daktari kasema ni vidole."

"Si vidole. Ni mimi."

Ilimchukua kama saa nzima kumweleza. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza simu mbaya. Mwishoni aliuliza jambo moja tu.

"Kabla ya kufuta, mliuliza?"

"Tuliuliza."

"Mliuliza wapi?"

Akamtajia orodha ya barua pepe, inayopokea mamia ya ujumbe kwa siku, yote kwa lugha ambayo mzee anaijua kwa kubahatisha.

"Kwa hiyo mlinigongea mlango nisioujua," mzee alisema, "halafu mkasema sikufungua."

Hakusema kwa hasira. Mama Viraka anasema angependa kama angekasirika.

Kilichokuwa kizito zaidi kilijulikana baadaye. Mzee alikuwa na rafiki katika mji mwingine, mpokea simu mwenzake wa zamani, ambaye alifanyiwa upasuaji wa koo na kubaki bila sauti. Kwa hao wawili, barua pepe ndiyo ilikuwa simu. Rafiki aliandika kila mwezi. Mzee, akiamini vidole vimekufa, hakusoma wala hakujibu. Hakutaka kusomewa na mtu mwingine.

"Mambo yetu hayakuwa ya kusomewa," anasema. "Ni utani wa wazee. Ukisomewa na mtoto wa dada yako, mtu unaona aibu."

Miezi miwili iliyopita binti wa rafiki huyo alipiga simu kusema baba yake amefariki. Kwenye kompyuta kuna barua tisa ambazo hazijafunguliwa.

Tangu siku ile ya pasi, Mama Viraka amekuwa akiamka mapema kabla ya kazi zake za kawaida na kukirudisha kiendeshi mstari kwa mstari. Kosa lililokuwa moja lilikuwa limezaa mengine kumi na matatu, maana kiini hakikusimama kikimsubiri. Mkubwa wao, mwanamume wa mbali ambaye kazini wanamwita Mzee wa Lango, hakuwa na kinyongo. Aliandika kwamba yuko tayari kukipokea kwa sharti moja, lile lile la siku zote: mtu mwenye kifaa hicho mkononi athibitishe kwamba kinafanya kazi.

Na mwenye kifaa, kwa kadiri wanavyojua, ni mmoja. Mara mbili ameombwa ajaribu, mara mbili amekataa.

"Nikigusa halafu nisihisi kitu, nitajua kweli vimekufa," alimwambia mpwa wake. "Afadhali nisijue."

Saa nne na dakika kumi, maandishi yanafika chini bila jekundu. Mama Viraka hashangilii. Anasubiri faili linakiliwe, anachomoa kebo, anavaa viatu.

Mjomba anakaa kwenye chumba chenye dirisha moja na redio tatu, mbili kati yake zimekufa. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mama. Umekuja na watu?" Anaelezwa ni mwandishi wa habari. "Mwambie achague kiti. Chenye mguu uliofungwa kamba asikikalie."

Mpwa anaweka mfumo mpya. Hamuombi kitu. Anaondoa tu kitambaa chenye maua ya bluu, anakikunja mara nne na kukiweka mapajani mwa mzee. Halafu unasikika mlio ambao haujasikika ndani ya chumba hiki kwa karibu mwaka, kama mchele unaomwagika kidogo kwenye sahani. Ni nukta zinapanda.

Mzee ameusikia. Kichwa kinainuka.

"Hicho ni chenyewe?"

"Ni chenyewe."

Anakikunja kitambaa mara moja zaidi. Kisha mkono wa kulia unanyanyuka, unapapasa ukingo wa meza, unapanda kwenye mstari. Kidole cha shahada kinapita na hakishiki kitu. Kinarudi. Anajaribu cha kati. Hakuna. Mama Viraka ameuma mdomo. Mzee anabadilisha mkono, anaweka kidole kidogo cha kushoto, ambacho hakuwahi kukitumia kusomea, na kinasimama mahali pamoja.

"Hapa kuna kitu," anasema. "Ni kama kupitia shuka. Lakini kipo."

Zamani mstari kama huo aliusoma kwa sekunde tatu. Leo unamchukua dakika nne, kidole kidogo kikienda na kurudi. Kisha anatabasamu upande mmoja wa mdomo, kwa sababu ameutambua. Ni swali lile la mwaka jana, limeandikwa upya kwa Kiswahili: je, kuna mtu bado anatumia kifaa hiki?

Anavuta kibodi. Herufi hajazisahau. Anaandika neno moja.

"Yupo."

Mama Viraka analinakili chini ya kiraka jinsi lilivyo, na mbele yake anaweka jina la mjaribu na kifaa chake. Anakituma akiwa amesimama. Mpaka tunaondoka, jibu la Mzee wa Lango lilikuwa halijarudi, ila dirisha lilikuwa bado liko wazi kwa siku nzima na ushee.

Vidole vya kulia havitarudi. Daktari alisema kweli kuhusu hilo, na mwaka mzima bila mazoezi umevimalizia. Mpwa wake anajua. Alipojitolea kumsomea zile barua tisa, mzee alikataa.

"Nifungulie ya kwanza, uende zako. Kwa mwendo huu nitamaliza mwisho wa mwaka. Alikuwa mtu wa maneno mengi."

Njiani kurudi, Mama Viraka anatembea akiwa amebana kompyuta kifuani. Anasema kuna viendeshi vingine arobaini na kimoja kwenye foleni ya kufutwa, vyote vimeulizwa orodhani, vyote havijajibiwa. Ameomba apewe miezi mitatu. Kuanzia Jumatatu anataka kuandika orodha ya shule, zahanati na mafundi wa vifaa vya zamani, na kuwapigia simu mmoja mmoja, awasomee herufi na tarakimu za kutafuta kwenye lebo, chini ya mashine.

Mumewe, anasema, ameshamuuliza atafanyaje wote wakimjibu hawavijui.

"Nitamwambia mkubwa wetu bado natafuta."

Anafungua geti. Seremala anamuuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama leo amejenga.

"Leo nimejenga, jirani," anajibu. "Kimoja."