Mwalimu wa Ngoma na Mwanafunzi Aliyebaki

Alikuwepo mwalimu wa ngoma katika chuo kikuu kimoja cha kanisa, mzee wa mvi, ambaye enzi zake alipiga ngoma siku tatu mfululizo mpaka mbuzi wa mtaa mzima wakavunja zizi kuja kusikiliza. Asiyeamini akawaulize mbuzi. Uzeeni alifundisha mwanafunzi mmoja mmoja, kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa la chuo, kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya kuta zote nne zinakujibu "afya!"

Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Wengine wakakimbilia gitaa, wengine kinanda, akabaki mmoja tu: binti wa mchungaji, mpole, mwenye bidii ya mchwa, na asiye na mapigo hata ya kuazima. Mkuu wa idara akasimama mlangoni, akasema, "Mzee wangu, huyu naye akiondoka, chumba tunafunga."

Hapo mwalimu akafanya jambo ambalo hakumwambia hata mkewe. Kwa kawaida mwalimu hupiga ngoma kubwa na mwanafunzi akamfuata. Yeye akageuza. Binti akikimbia, mzee naye mbio. Binti akichelewa, mzee anamngoja. Ufundi wote wa miaka thelathini ukawa wa kuficha makosa, na kweli yakafichika. Ungewasikia ungedhani ni mapacha.

"Mwalimu, kweli nimeshika?"

"Umeshika, mwanangu."

"Usinipake mafuta. Siku ya mahafali naipigia kwaya peke yangu, na shangazi zangu wote saba wanakuja. Nikiharibu, wale watanitafuna mpaka kucha."

"Waache waje," mzee akasema, akiangalia pembeni.

Siku ikafika. Binti mbele na ngoma yake, mzee kwenye benchi, mikono magotini. Kwaya ikaanza, na ngoma ikatimua mbio kama imeona nyoka. Sauti za juu zilifika "amina" wakati zile nzito ziko ubeti wa pili. Watu wakacheka ndani ya vitabu vya nyimbo. Shangazi mmoja alicheka hadi kilemba kikadondoka. Binti akapiga mpaka mwisho. Kumsikiliza mwenzake hakuwahi kufundishwa.

Jumatatu akaja chumbani, macho yamevimba.

"Mwalimu, nikiwa na wewe siharibu. Kwa nini?"

Mzee angeweza kusema ni woga tu. Akaona malengelenge kwenye vidole vya yule mtoto wa watu, uongo ukamshinda.

"Nilikuwa nakufuata."

"Tangu lini?"

"Tangu wenzako walipoondoka."

"Miaka miwili! Sasa mimi nilikuwa nafundishwa nini?"

Binti akaweka vijiti juu ya kiti, taratibu, akatoka bila kuaga.

Mzee akavuta ngoma, angalau apige mwenyewe, pigo la kawaida tu, lile la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mkono ukaenda, ukasita, ukangoja. Ukaenda tena mbio, ukachelewa, kama unamtafuta mtu. Akarudia. Ikawa vilevile. Jasho likamtoka.

Mkuu wa idara alikuwa akipita nje, akagonga dirisha kwa furaha.

"Mzee wangu! Kumbe umepata mwanafunzi mpya? Mwambie atulie, anakimbia sana huyo."

"Nitamwambia," mzee akajibu.