Siku Shangazi Aliposhika Usukani

Wiki jana hapo Yamumbi, magari ya arusi yalitumwagia matope mimi na mtoto wangu niliyembeba mgongoni. Vioo vimefungwa, honi juu. Niliwatukana madereva mpaka mtoto akaamka. Halafu, rafiki yangu, nikiwa napangusa leso nikajikuta nacheka, maana nilikumbuka arusi ya shangazi kule Ainabkoi.

Nilikuwa darasa la pili. Shamba letu zamani lilikuwa la setla mmoja, Mzungu, dereva wa mashindano ya magari. Wakati wa ukoloni picha yake ilitoka gazetini ameegemea gari, kikombe cha ushindi mkononi. Waliosukuma gari lake likikwama topeni hawakuwa pichani, na nyanya yangu, aliyekuwa akimkamulia ng'ombe, alikuwa mmoja wao. Uhuru ulipokuja, kampuni ya ardhi ya akina nyanya ikanunua shamba, setla akabakiza kijumba. Jicho lake moja lilikuwa limeharibika, kwa hiyo mashindano basi. Akafuga kuku, na kupeleka mabibi arusi kanisani kwa lile gari la zamani. Malipo yake yalikuwa sahani ya chakula. Nyanya aliacha kumwita Bwana. Sasa alikuwa Mzee, kama mzee mwingine yeyote.

Siku ya shangazi mvua ilianza alfajiri. Nyumba ilinukia chapati na mafuta ya nywele. Padri alikuwa na arusi nyingine mjini. Alishasema asipotuona saa tano anaenda zake, na harudi mpaka baada ya Krismasi. Shangazi alikuwa amengoja vya kutosha.

Karibu na mto gari la Mzee, shangazi akiwa kiti cha nyuma, likazama topeni. Akina mama waliokuwa wakiimba mbele wakarudi kutazama. Mzee akashusha kioo, akangoja. Alizoea hivyo.

"Mama, sukuma kidogo."

Nyanya akafunga leso kiunoni. "Nimekusukuma tangu nikiwa msichana. Leo shuka tusukume wote."

"Na nani shika usukani?"

"Mwenye arusi yake."

Shangazi, ambaye hata baiskeli hakuwahi kupanda, akahamia mbele na gauni lote. Mzee akamwonyesha pa kukanyaga, kisha akaingia topeni na suti yake, bega kwa bega na nyanya.

"Kumbe ni nzito," akasema.

"Leo ndiyo unajua?"

Akina mama walicheka mpaka nguvu zikaisha, ikabidi tuanze upya.

Gari lilipochomoka, shangazi hakujua kulisimamisha. Likapanda kilima, bingwa wetu akikimbia nyuma, "Toa mguu! Toa mguu!" Alipoutoa, likazima katikati ya lango la kanisa. Padri alikuwa ameshapanda pikipiki. Hakuwa na pa kupitia.

Tuliwaozesha shangazi na bwana arusi wake tukiwa na matope mpaka masikioni.

Mzee alishakufa, nyumba yake imebomolewa, na mto una daraja la saruji. Watu wanapita hapo bila kujua jina la yeyote. Shangazi ana watoto watano. Ukimuuliza kwa nini hajifunzi kuendesha, anasema aliendesha mara moja, akafika alikokuwa anaenda.