Salamu Nilizozikata: Safari ya Mbarara na Nakivale

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya kazi niliyokuwa nimeimaliza, na niliyodhani nimeimaliza vizuri. Ilikuwa kabla ya jina la akili mnemba kuzoeleka kwetu. Mhandisi mmoja wa Mbarara, Tumusiime, alikuwa akitengeneza programu ya kompyuta ya kusoma ujumbe wa dharura, kupima upi ni wa kufa na kupona na upi unaweza kungoja, kisha kumpangia ofisa wa zamu. Programu ya namna hiyo hufundishwa kwa mifano. Alinitumia mamia ya jumbe za simu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale nizisafishe, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nikazisafisha kwelikweli. Salamu ndefu, baraka, habari za watoto, zote nilizikata nikabakiza shida yenyewe. Sasa aliniita nikaone majaribio.

Mpaka wa Mutukula tulivuka asubuhi, na hadi Masaka nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kusifiwa. Baada ya Lyantonde furaha ilianza kupungua. Jirani yangu kwenye basi aliniuliza nafuata nini Mbarara, na nilipomweleza akasema, "Kwa hiyo hiyo kompyuta ikikosea, mtu anakufa?" Nilicheka. Hakucheka, akageukia dirishani.

Mbarara, chumba cha mawasiliano cha mradi kilikuwa nyumba ya kupanga huko Kakiika, nyuma yake migomba na banda la ng'ombe. Zamu ilishikwa na Sajini Byaruhanga, mstaafu aliyeishi miaka mingi katika kambi ya jeshi ya Makenke na kujifunza huko Kiswahili chake. Redio ya upepo ilikuwa mkono wake wa kulia, kompyuta wa kushoto.

"Mwalimu, zamani mimi nasikia sauti ya mtu, najua huyu nakufa," aliniambia. "Sasa hii mashine hapana sikia. Nasoma tu."

"Inasoma haraka kuliko sisi, afande," nikajibu.

"Haraka iko. Mimi nauliza kama iko sawa."

Kesho yake saa mbili gari la mradi lilinipeleka Nakivale. Tulipita Isingiro, vilima vikavu na ng'ombe wenye pembe ndefu waliokataa kutupisha, nikafika kijiji cha Misiera nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Gari liligeuza likarudi. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Neema, Mkongomani wa Kivu Kusini, muuza dagaa. Majirani walimpa kazi ya kuwaandikia ujumbe kwa sababu mwandiko wake, walisema, una heshima.

"Karibu, papa. Kaa fasi ya kivuli," alisema, maana kwao papa ni baba. "Ni wewe ulifundisha ile mashine?"

Nilikubali kwa kujidai kidogo. Mungu anisamehe.

Saa tano mtu alikuja mbio. Esperansi, mke wa jirani, mjamzito wa miezi minane, alikuwa anavuja damu. Zahanati ilikuwa karibu, lakini muuguzi aliyekuja kumwona alisema huyo ni wa kupasuliwa, Mbarara, na gari la wagonjwa halisogei bila amri ya Kakiika. Mama Neema alichukua simu akaandika bila kutetemeka. Nilisoma begani mwake:

"Bwana asifiwe. Habari ya kazi? Hapa Misiera tuko wazima, Mungu anatulinda, watoto wako muzuri. Ila kidogo tu, Esperansi anatoka damu mingi na mimba yake. Tunaomba gari. Mubarikiwe."

Akatuma. Tukangoja.

Nusu saa ikapita. Nilikwenda mlangoni kwa Esperansi, nikaona kitenge kilicholowa damu, nikarudi. Ndipo maneno ya ujumbe ule yalipoanza kunizunguka kichwani: tuko wazima, watoto wako muzuri. Mashine yangu haikuwahi kuona shida inayoanza na heri. Mimi ndiye niliyehakikisha haioni.

Mtandao wa sauti ulikuwa ukishikika juu ya kilima tu. Nilikimbia, mtu mzima na viatu vya darasani, nikapiga simu hadi Sajini akapokea, nikamuuliza ujumbe wetu.

"Ya Misiera? Ngoja." Nilimsikia akihesabu jumbe kwa mdomo. "Iko chini kabisa, mwalimu. Mashine naandika: salamu za kawaida. Gari imekwenda mbali, mtu ametuma 'Haraka, gari', kumbe mguu umeteguka."

"Achana na mashine, afande! Mwite dereva! Mama anakufa!"

Nilisikia redio ikiguruma, na sauti yake ya jeshini ikimrudisha dereva. Gari lilifika saa saba na robo. Tulimpakia, Mama Neema akapanda naye.

Siku iliyofuata nilimkuta Esperansi hospitalini Mbarara, hai, midomo imempauka. Mtoto hakupona. Mama Neema alikuwa ameketi chini kando ya kitanda.

"Papa," aliniuliza, "bantu banasema niliandika mubaya. Nilikosea fasi gani?"

Ningeweza kumlaumu Tumusiime, au kompyuta. Nilisema hakukosea, kwamba salamu zao nilizikata mimi, nikiona ni uchafu wa maandishi.

Mama Neema akanigeukia. "Mutu anaanzaje na damu? Unamutisha mwenye kusoma. Kwanza unamutuliza, kisha unamuambia."

Esperansi aligeuza uso ukutani, na nikajua siku ile sitasamehewa, na kwamba ana haki.

Nilikaa Kakiika siku tisa zaidi, nikirudisha kila salamu mahali pake, Sajini akinisomea kutoka nakala za awali. Tumusiime alisimamisha majaribio hadi mwanadamu awe anasoma kila ujumbe kabla ya gari kutumwa. Kisha nikapanda basi la Masaka, nikiogopa hata kuulizwa nimetoka wapi.

Mnaoniuliza nilijifunza nini huko, jibu langu ni dogo. Mtu akiniambia hajambo, siku hizi sigeuki kwenda zangu. Nasimama, nangoja amalize.