Hakuna Aliyeanza na Swila

Mwanangu, siku niliyorudi Bariadi na diploma yangu ya ufundi mitambo naikumbuka kwa maneno yaliyonipokea langoni mwa kiwanda cha kuchambua pamba. Washindiliaji, wale wanaoikanyaga pamba ghalani, walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri malori. Mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, "Huyu hamalizi msimu. Akisikia wimbo tu, mtamtafuta mpaka Mwanhuzi."

Mwingine akadakia, "Msimcheke jamani. Diploma itaingia kiwandani, yeye atabaki nje anatulindia viatu tulivyovua."

Niliwapita. Nilikuwa na haki ya kuringa, na hata leo ninayo. Kijijini kwetu Sola hakuna aliyenitangulia kupata diploma, na yangu niliisomea Mwanza huku nikibeba mizigo sokoni. Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa: ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake, matajiri walikuwa wakijenga viwanda vyao, na fundi mwenye cheti alitafutwa kama mvua. Tajiri wetu alinikabidhi mashine zote. Ila chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya ghala, na njia ilipita kando ya lundo la pamba.

Wale watu walijua habari yangu. Ujanani nilikuwa mshindiliaji ghalani Sola. Pamba ilimwagwa mpaka ikakaribia dari, nasi tukapanda juu kuikanyaga kwa wimbo, mmoja akianzisha, wengine tukiitikia kwa sauti na kwa miguu. Siku moja lundo likaporomoka. Tulifunikwa wawili, mimi na rafiki yangu Limbu. Mimi nilitolewa nikiwa hai. Limbu alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Lakini kulikuwa na jambo walilokuwa hawalijui. Kule chini, nikipigania pumzi, nilikanyaga kitu nikakisukuma kwa miguu ili nipande. Miaka yote niliamini kwamba nilimkanyaga Limbu.

Basi wimbo ulipoanza kiwandani, nikawa kama niko chini ya pamba tena. Nikakimbia mpaka barabarani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kuanzia hapo nikawa naingia kabla ya washindiliaji na kutoka baada yao, masikio nimeyaziba kwa pamba, hiyo hiyo niliyoikimbia. Tajiri akaniita. "Fundi, mashine ikikwama watu wakiwa kazini, nikufuate wapi? Msimu ukishika kasi nataka mtu anayepita."

Kazi niliyoisotea ilikuwa inaniponyoka. Nikajiambia dawa ya moto ni moto. Nikapanda juu ya lundo mbele ya wote, wimbo ukiwa umekolea, nikaanguka kama gunia. Walinibeba nje. Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kejeli.

Habari zikamfikia mjomba wangu Kwilasa, ambaye enzi zake alikuwa myeye, yaani mmoja wa wale wacheza ngoma na nyoka. Akaja kwa baiskeli, kibuyu cha maziwa ya mgando kikining'inia kwenye usukani.

"Mwadila, mjomba," nikamwamkia.

"Mwadila. Nasikia umepanda lundo uwaonyeshe watu."

"Nilitaka kuumaliza woga mara moja."

"Hebu niambie, msomi. Sisi tulipoingia uyeye, tulianza na nyoka gani?"

"Sijui, mjomba."

"Tulianza na kamba! Halafu ngozi kavu. Halafu nyoka asiye na sumu, mimi nimeshika mkia, mwalimu ameshika kichwa. Hakuna aliyeanza na swila. Aliyeanza na swila hayupo wa kukuhadithia. Sasa wewe, kule juu, nani alikuwa amekushikia kichwa?"

"Hakuna," nikasema, mimi na diploma yangu.

Akanipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali, kwa mnasihi aliyeitwa Mama Minza. Nilimwambia mlangoni kabisa kwamba mimi si kichaa.

"Mashine ikigonga, fundi, unasema imekuwa kichaa?" akauliza.

"Hapana. Nasikiliza inapogongea."

"Basi kaa, baba, nisikilize unapogongea."

Kwanza alinifundisha kupumua: kuvuta taratibu, kutoa taratibu zaidi, huku nikisikia nyayo zangu zimegusa sakafu. Halafu akanitaka nimsimulie siku ile tangu nilipotoka nyumbani, bila kuruka kitu. Nilipofika chini ya pamba nikakomea hapo.

"Halafu?"

"Basi."

"Basi vipi, na wewe uko hapa unakunywa chai yangu? Hadithi yako umeiacha kule chini, ndiyo maana na wewe hujatoka. Endelea mpaka nje."

Sikuweza siku hiyo. Nilirudi, nikasimulia tena, nikarudi tena, kila mara nikisogea kidogo. Hatimaye nikalitamka lile la Limbu. Nililia, mwanangu, kilio cha mtu mzima. Hakuniambia mwanaume halii. Aliningoja, kisha akauliza, "Nani aliwafukua?"

"Gamaya, mwanzisha wimbo. Bado yuko Sola."

"Umewahi kumuuliza?"

Kumbe sikuwahi. Nikaenda. Nilimkuta mzee anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Nikamweleza jambo langu huku nikitazama chini. Akaacha kazi.

"Wewe tulikutoa ukutani kabisa. Limbu tulimtoa karibu na mlango. Kati yenu lori lingeweza kulala."

"Lakini nilikanyaga kitu, baba."

"Ulikanyaga bunda la magunia matupu. Nililitoa mimi, kwa mikono hii, lilikuwa chini yako. Ungeniuliza! Sisi tulidhani hutaki kutajiwa, tukakunyamazia."

Nilikaa chini pale pale, karibu niiponde michembe yake. Kitu kilinitoka kifuani nikapumua mpaka tumboni. Huzuni ya Limbu ilibaki, na ndivyo inavyostahili, lakini ile hatia ilibaki Sola.

Mwili hata hivyo haukuamini upesi kama moyo. Kwa maagizo ya Mama Minza, mimi na mjomba tukaanza na kamba, kama wayeye. Nilishika konzi ya pamba nyumbani. Nilikaa nje ya ghala na mjomba tukisikiliza wimbo. Kisha mlangoni, kisha kando ya lundo. Hofu ikipanda sikukimbia. Nilipumua nikaingoja ishuke, na hushuka. Siku nyingine nilirudi nyuma, kesho yake nikaanza tena. Msimu uliposhika kasi, mashine ilikwama wimbo ukiwa umekolea, nikapita. Nikaitengeneza. Nilipotoka, yule wa langoni akaniuliza, "Fundi, nani amebaki na viatu vyetu?"

"Diploma," nikamjibu. Tukacheka wote.

Nilimpelekea Mama Minza jogoo. "Jogoo nimempokea," akasema. "Lakini masikio niliyokukopesha hurudishi kwangu. Wala subira ya mjomba wako, wala ukweli wa Gamaya. Mlipe atakayekuja nyuma yako."

Akaja Doto, dereva wetu, aliyepinduka na lori kwenye daraja la njia ya Ipililo, akaapa hatagusa tena usukani. Wengine walimwambia ajikaze. Mimi nilimsikiliza, nikampeleka kwa Mama Minza, na kwa maagizo yake tukakaa ndani ya lori lililozimwa, kisha lililowashwa, kisha tukazunguka uwanja wa kiwanda. Siku ya daraja nilikuwa kiti cha pembeni. Alivuka taratibu, akasimama ng'ambo, akazima injini, akashusha pumzi ndefu. "Fundi," akasema, "tumetoka." Siku hiyo nilijua kwamba nimewalipa wote walionikopesha.

Kwa hiyo, mwanangu, likikupata la kukuvunja, usiliruke na usijitupe juu yake. Msimulie mtu anayejua kusikiliza, ufike mpaka mwisho, pale ulipotoka. Waulize waliokuwepo, maana hofu ni shahidi mwongo. Rudi mahali pale hatua kwa hatua, na awepo wa kukushikia kichwa cha nyoka. Ukipona, mshikie mwenzako.

Mungu akupe pumzi inayofika tumboni na usingizi usio na mlinzi. Na kila lundo litakalokufunika, akuwekee juu yake mikono ya kukufukua.