Utani Uliomfikia Mkwe

Vasiti hakuwa mvivu, na anayesema hivyo hakuwahi kumwona kazini. Miaka yote aliyokaa masijala, katika ofisi moja ya serikali pale Suva, Fiji, mafaili yake yalinyooka kuliko ya mtu mwingine yeyote. Shida yake ilikuwa kukaa. Barua inaingia, inagongwa muhuri, inapewa namba, inapelekwa ghorofani. Kesho inaingia nyingine. Kabla hata ya chai ya asubuhi miguu ilianza kumcheza chini ya meza, akaenda chooni bila haja, akarudi, akaenda tena. Bi Shalini, mkuu wake, alikuwa akimtazama juu ya miwani na kumuuliza kama kiti chake kina siafu.

Ndipo akajifunza kutangaza biashara mtandaoni. Alisoma jioni kwa simu, na bando likiisha anakwenda kuegemea ukuta wa jirani kudokoa mtandao wake. Alipomaliza akaomba likizo bila malipo, akidai anamuuguza shangazi. Bi Shalini si mtoto.

"Msalimie shangazi," alimwambia. "Nafasi yako nakushikia mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Saa kumi jioni ikifika hujaniambia unarudi, nampa mtu mwingine. Na wanaoitaka wamejaa hapo nje."

Mteja wa kwanza alikuwa Apenisa, na hadi mwezi unakwisha alikuwa bado ndiye wa pekee. Aliuza lovo katika banda lake nyuma ya stendi ya mabasi: samaki, kuku na magimbi yaliyofukiwa ardhini kwenye mawe ya moto. Alikuwa pande la mtu, lakini mwenye haya kupindukia. Walikubaliana kujaribu mwezi mmoja. Wateja wakiongezeka, ataendelea na Vasiti na kumtembeza kwa wenzake wenye mabanda. Wasipoongezeka, kila mtu ashike njia yake.

"Andika unavyojua, dada," alisema huku akimkabidhi picha yake akicheka. "Mimi najua moto tu."

Vasiti akafungua ukurasa wenye jina na picha ya Apenisa, akaandika kama alivyofundishwa. Ladha halisi ya asili. Karibu ujionee tofauti. Hakuna aliyejionea chochote. Waliopenda matangazo yale walikuwa shangazi yake, yule yule mgonjwa, pamoja na mtu mmoja wa mbali aliyekuwa akiuza miwani. Vasiti alibadilisha picha, akairudisha, akaibadilisha tena. Aliamka akishika simu kabla ya kunawa uso. Usingizi ulimpaa, chakula hakikupita, na tarehe zilikuwa zinakimbia. Alhamisi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, hasira zikampanda, akaamua kuandika kama watu wa kwao wanavyosema.

Kwao ni Waidamu, na Waidamu ni watani wa Natoloa tangu enzi za mababu. Mtu wa Waidamu akimkuta wa Natoloa, hata msibani, atampokonya kikombe mdomoni na kumtukana yeye na ukoo wake, na yule hana ruhusa ya kununa. Natoloa wanasifika kwa uroho wa vichwa vya samaki. Au tuseme, ndivyo Waidamu wanavyowasifu. Basi akaandika:

"Tangazo kwa watu wa Natoloa. Leo kuna samaki, na vichwa vyote tumevihesabu. Njooni na hela, mate yaacheni nyumbani."

Ukurasa ukachemka. Natoloa wa Suva walikuja juu, wakaja wa Lautoka, wakaja hata walioko Sydney. "Nani huyo?" aliandika mmoja. "Mwambieni tuko njiani, na tukikosa kichwa cha samaki tunaanza na chake." Na kweli walikuja, wengine wamevaa nguo za kazi, wakapanga foleni huku wakitukana kwa raha zao. Kabla ya adhuhuri Apenisa hakuwa na hata gimbi. Vasiti alicheza peke yake jikoni kwake mpaka sufuria zikaanguka.

Jioni akapigiwa simu na Kelera, mke wa Apenisa.

"Dada Vasiti, umetuua."

"Nimewaua? Si mmeuza mpaka mkaishiwa?"

"Mimi kwetu wapi?"

Vasiti hakuwahi kuuliza.

"Natoloa," alisema Kelera. "Na baba yangu ni wa Natoloa. Sasa niambie, ukurasa una jina la nani? Una sura ya nani?"

Mkwe ni mkwe, hana ruhusa ya utani. Tangu amwoe Kelera, Apenisa hajawahi kumsemesha baba mkwe wake, Mzee Isikeli, ana kwa ana. Akiwa na neno hulipitisha kwa mkewe, na akipita mbele ya mzee huinama mpaka mgongo unamuuma. Leo sura yake, tena inacheka, imemwambia mzee aache mate nyumbani. Utani ulikuwa wa Vasiti, lakini mdomo ulioonekana ni wa Apenisa.

"Baba kazima simu," Kelera aliendelea. "Apenisa hali, hasemi. Anataka ufute kila kitu, na kazi yenu iishie hapo."

Vasiti alifuta. Ikasaidia nini? Watu walikwisha kuyahifadhi maneno yale na walikuwa wakitumiana.

Ijumaa mchana alijifunga sulu, kitambaa cha heshima cha kiunoni, akanunua fungu la mizizi ya yaqona, kinywaji cha kuombea radhi ambacho mtu akikipokea amekusamehe, akaenda Nasinu nyumbani kwa mzee. Kwa desturi, anayeomba radhi husemewa na mkubwa wa kwao, lakini mjini hakuwa na wa kumsemea. Alimkuta Kelera ameketi na baba yake, na Apenisa karibu na mlango, macho kwenye mkeka. Vasiti akaingia ameinama, akaketi, akaiweka yaqona mbele ya mzee.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi kwa yale maneno."

"Ya mkwe wangu."

"Si yake. Niliandika mimi. Mimi ni wa Waidamu."

Mzee Isikeli hakuigusa yaqona. "Kila mtu anaweza kusema ni wa Waidamu. Mkwe wangu anaweza hata kukukodi useme hivyo. Kama kweli ni wa kule, yatamke hapa. Usoni kwangu."

Kelera akaziba mdomo. Vasiti alikuwa amekuja kuomba msamaha wa tusi, na sasa anaambiwa atukane tena.

"Mzee, tangu niingie unalitazama begi langu. Halina samaki. Na huu mkeka uliokalia, nimeshindwa kujua ni ukindu au ni magamba ya vichwa ulivyokula tangu ujana wako."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa, Kelera akampiga mgongoni. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua yaqona.

"Huyu ni wa kule," alisema. "Huyu simwezi." Akageukia ukutani, asimtazame Apenisa. "Kelera, mwambie mumeo kuku wake wa juzi alipungua chumvi."

Apenisa akapiga makofi ya taratibu ya heshima, machozi yakimtoka. Alikuwa amesamehewa.

"Sasa zamu yangu," mzee akamgeukia Vasiti. "Waidamu tunawajua. Mnaanza nyumba, kabla haijaezekwa mmehamia kwa shemeji. Nasikia una nafasi serikalini. Umeiacha kwa kuwa inakuwasha, na hii mpya itakuwasha kabla ya Krismasi. Wewe hutafuti kazi, mwanangu. Unatafuta mlango wa kutokea."

Nyumba nzima ikacheka. Vasiti naye alicheka, maana mtani hanuniwi, akacheka kuliko wote, ingawa yale maneno yalimchoma. Ndiyo aliyokuwa akijiuliza kila alfajiri, na hakuna mtu mwingine aliyethubutu kumwambia. Angeyasema mama yake wangegombana.

"Na ukiandika tena," mzee aliongeza, "weka jina lako. Mkwe wangu hana mdomo huo."

Apenisa akamnong'oneza mkewe. "Anauliza," alisema Kelera, "tangazo la kesho litatoka?"

"Litatoka," alijibu Vasiti, kisha akaomba ruhusa, akatoka barazani na simu. Saa kumi ilikuwa inakaribia.

"Unarudi?" aliuliza Bi Shalini, bila hata salamu.

"Sirudi."

"Una uhakika?"

"Sina, Bi Shalini. Nina mteja mmoja, na huyo naye nilitaka kumvunjia nyumba. Naogopa mpaka meno yanagongana. Lakini sirudi. Mpe mtu nafasi."

Bi Shalini akasema, "Haya," akakata simu. Ndani, mzee alikuwa akiuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kama yule wa Waidamu keshakimbia.

"Nipo!" Vasiti aliitika, akarudi ndani.