Kaburi Asilolisomea Katekista

Upande ule wa Didia yanakoanzia majaruba ya mpunga, watu wakisema "Mwalimu" hawamaanishi mwalimu wa shule. Wanamaanisha Bartholomeo, katekista wa kigango. Padri hufika mara moja kwa mwezi, na mvua zikikolea hafiki kabisa, kwa hiyo maisha ya Wakatoliki wa pale yamepita mikononi mwa mtu huyu mrefu, mkimya, mwenye kanzu nyeupe iliyofupika kwa kufuliwa. Yeye ndiye agongaye rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini kila Jumapili asubuhi. Yeye ndiye anayewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Na yeye ndiye anayezika. Sauti yake ni nzito, haina haraka, na ikianza "Raha ya milele" hata watu wanaogombania mipaka ya mashamba huinamisha vichwa. Wazee walikuwa wakimtania kwamba siku atakapokufa itabidi afufuke kidogo ajizike mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuifanya kazi ile vizuri.

Mkewe, Eufrasia, alizaliwa katika nyumba iliyogawanyika. Yeye alilelewa na shangazi Mkatoliki. Mdogo wake Boaz alibaki kwa wazazi, akawa mwinjilisti wa kanisa la Kiprotestanti lililo ng'ambo ya barabara. Kwa miaka mingi, Jumapili mchana baada ya ibada zote mbili, Boaz alikuwa akivuka barabara kuja kula kwa dada yake na kubishana na shemeji yake. Ndiyo iliyokuwa starehe yao. Hawakunywa pombe wala hawakucheza bao.

"Shikamoo, shemeji. Leo mmeiomba sanamu gani?"

"Marahaba. Tumemwomba Antoni, mtakatifu wa vitu vilivyopotea. Tumekutaja wewe."

Boaz alicheka, akanawa mikono, akaketi. "Haya, nionyeshe. Kuwaombea wafu. Mstari uko wapi?"

"Wamakabayo, kitabu cha pili. Yuda anawaombea askari wake waliokufa."

"Kwangu hakimo hicho kitabu."

"Kilikuwemo. Mlikitoa."

"Mlikiongeza."

"Boaz, hiyo Biblia yako ilidondoka kutoka mawinguni ikiwa na jalada lake? Kuna watu walikaa wakasema hiki ndicho, hiki sicho. Hao watu ndio Kanisa. Unakubali walichokuandalia, halafu unawafukuza mezani."

"Watu hukosea, shemeji. Mapokeo ni ya watu. Neno halikosei."

"Na wewe unayelisoma, hukosei?"

Eufrasia alikuwa akiweka bakuli la mlenda katikati yao. "Kuleni," alikuwa akisema. "Ugali unapoa, na Mungu hajaja kuwaamua." Hakuwahi kuingia katika mabishano yale. Lakini aliyasikia yote, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anavyousikia wimbo wa jirani mpaka akaujua bila kupenda.

Kigango kilikuwa na sheria yake. Aliyeliacha Kanisa, akaenda kwa mganga au akabatizwa mara ya pili kwingine, jina lake lilisomwa baada ya matangazo, na akifa humo bila kurudi, Kanisa halikumzika. Sheria hiyo Bartholomeo aliikuta kwa katekista aliyemtangulia, naye aliikuta kwa mwingine. Hakuna aliyeuliza ilianzia wapi. Ilikuwa imekaa pale kama ile rimu juu ya mwarobaini, na Bartholomeo aliishika kwa uaminifu uleule. Mama yake Mwigulu, aliyekuwa amehamia kwa Wasabato kisha akaacha kusali kabisa, alizikwa na majirani bila neno. Bartholomeo alisimama barabarani, kofia mkononi, mpaka udongo ukaisha, akaenda zake. Mwigulu alimwelewa. Alilia, lakini alimwelewa, na miaka iliyofuata akawa mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, mtu wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Nkwabi, mtoto pekee wa Bartholomeo aliyefika utu uzima, aliondoka mwaka ambao pamba ilikauka ikiwa magotini. Alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Huko, mbali na rimu ya baba yake, aliokoka. Walimbatiza katika dimbwi ambalo wachimbaji huoshea mchanga, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Boaz alisafiri kwenda kushuhudia, akarudi na uso unaong'aa, akasahau kuuficha.

"Alishabatizwa," Bartholomeo alimwambia. "Ubatizo ni mmoja."

"Alikuwa mchanga, shemeji. Hakujua anachofanyiwa."

"Hata kuzaliwa hakujua anachofanyiwa. Tumrudishe tumboni?"

Siku hiyo hawakucheka. Jumapili iliyofuata, baada ya tangazo la kufagia kanisa na tangazo la mkutano wa wanawake, Bartholomeo alisoma jina la mwanawe. Alilisoma kwa sauti ileile aliyosomea majina ya wengine. Eufrasia alikuwa kwenye benchi la tatu, upande wa wanawake, na wenzake waliokuwa kando yake walitazama sakafu. Jioni hakumsemesha. Siku kadhaa baadaye alisema tu, "Ungeweza kumwachia Mwigulu alisome." Bartholomeo akajibu kwamba mtu hawezi kusoma majina ya watoto wa wenzake na kuruka la kwake. Hilo Eufrasia hakulibishia, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Kule Nyarugusu, Nkwabi hakudumu katika wokovu wake. Alianza kuishi na Zakia, binti wa Kiislamu aliyekuwa akipikia wachimbaji, bila ndoa ya kanisa wala ya msikiti. Wazee wa kanisa lake walimwita mara kadhaa, hakumwacha. Wakamweka chini ya nidhamu: asiimbe kwaya, asishiriki meza ya Bwana, na akifa katika hali hiyo, kanisa lisihusike. Kwa hiyo kijana aliyekuwa wa makanisa mawili akawa hana hata moja. Kwa simu alimwambia mama yake kwamba mpunga ukivunwa angerudi nyumbani, aje na Zakia, wayaongee yote na baba. Alisema hivyo akicheka.

Mvua zilianza upya, na duara, shimo alimokuwa akichimba Nkwabi, likaporomoka. Wenzake walichimba kifusi kwa zamu mpaka wakamfikia, na walipomfikia alikuwa ameshakufa, na mwili haukuwa wa kungoja. Walimsafirisha usiku katika gari la kubebea mawe. Walifika Didia asubuhi, viatu vyao vimejaa tope jekundu la kule juu ya udongo wetu mweusi, na Zakia akiwa amekaa nyuma karibu na jeneza, ameshika mbao kwa mikono miwili ili lisigongegonge.

Majirani walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi kando ya zizi. Eufrasia alimwita mumewe nyuma ya nyumba, penye kuni.

"Baba Nkwabi, sikuombi misa. Najua misa si yako. Nakuomba ufungue mdomo tu. Yale unayowasemea wote."

Bartholomeo alimpigia paroko. Simu haikupatikana, mapadri walikuwa kwenye mafungo. Hakupiga tena, na hakutafuta namba nyingine yoyote ya parokia. Alidhani analijua jibu.

Akaja Mwigulu. Alikuja kwa upole, amevua kandambili mlangoni.

"Pole, Mwalimu."

"Nimepoa."

"Mwalimu, sitasema kitu. Ukisoma, mimi nitaitikia. Lakini nataka ujue kwamba nitakuwa namfikiria mama yangu." Akazitazama kandambili zake. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sheria haina mtoto wa mtu."

Hakulisema kwa kisasi. Lau angelilisema kwa kisasi, huenda Bartholomeo angepata nguvu ya kumfukuza.

Boaz naye alikuwa amefika, Biblia kwapani kwa mazoea. Eufrasia alimwendea moja kwa moja, kwa kuwa mume alikuwa amemjibu kwa kuinamisha kichwa.

"Boaz, wewe ndiye uliyemfurahia alipozama kwenye lile dimbwi. Msemee neno."

"Dada, naweza kuwahubiria walio hai. Niwaambie watubu, maisha ni mafupi."

"Siwataki walio hai. Nataka huyu."

"Kwa huyu hakuna kitu naweza kufanya. Wala si mimi tu. Hata kama wazee wasingekuwa wamemtenga, hakuna mahali katika Neno..." Akaishia hapo. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Alimpenda sana mpwa wake. Ila hakuwa na mstari.

Wakamshusha. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kusikia kimya kama kile msibani. Bartholomeo alisimama upande mmoja wa kaburi, Boaz upande wa pili, watu wawili waliokuwa wamejaza nyumba ile maneno ya Mungu kwa miaka yote, na hakuna aliyefungua kinywa. Zilisikika kamba zikisugua mbao. Ng'ombe mmoja alikohoa zizini. Zakia, aliyekuwa amejitanda khanga mpaka machoni, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamgeukia Eufrasia na kumuuliza kwa sauti ya chini, kama mgeni anayeuliza maji yanachotwa wapi:

"Mama, kwenu nani anamwombea?"

Eufrasia alipiga magoti, akatia mkono kwenye lundo la udongo, akasema kwa Kisukuma, "Ng'wanone," yaani mwanangu, basi. Hakujua lingine la kusema. Maneno yote alikuwa amewaachia wanaume. Wachimbaji wakashika majembe.

Paroko alikuja mwezi uliofuata, barabara zilipokauka. Padri Gregory ni kijana, mcheshi, mgeni katika parokia ile. Bartholomeo alimweleza yote wakiwa sakristia, akivua kanzu, na alieleza kama mtu anayetoa taarifa, akitarajia kuambiwa amefanya vema. Padri alikaa kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo.

"Mwalimu, nani aliwaambia hivyo?"

"Ndiyo sheria ya Kanisa, Padri."

"Siyo. Ni ya kigango. Misa ya hadhara, hapo kuna mambo ya kuangalia, ungeniuliza tukaona. Lakini kumwombea? Kanisa halijawahi kumkataza mtu kumwombea maiti yeyote. Mpagani, Mprotestanti, mlevi, yeyote. Baba kumwombea mwanawe..." Akamtazama usoni, akaacha. Kisha akasema haraka, "Hakijaharibika kitu. Tutakwenda kaburini, nitalibariki. Tutamtolea misa. Sala haina kuchelewa, wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Bartholomeo alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli, hakuipanda. Njia inapita kwa Mwigulu kwanza. Alimkuta akianika dengu kwenye turubai, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, alimweleza alichoambiwa na padri. Mwigulu alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kusambaza dengu. Kisha mikono ikasimama.

"Hilo ungekaa nalo, Mwalimu."

"Nimeona ni haki yako kulijua."

"Miaka yote nimejiambia, ni sheria, basi, hakuna aliyemwonea mama. Sasa nijiambie nini?" Akainama tena kwenye turubai. "Nenda nyumbani. Nenda. Mwambie mama Nkwabi nampa pole."

Eufrasia alikuwa jikoni akikata viazi vitamu vya kuanika juani viwe michembe. Bartholomeo alikaa kwenye kigoda karibu na mlango na kumwambia: padri atakuja, kaburi litabarikiwa, misa itasomwa, na yeye mwenyewe atasoma yale yote aliyotakiwa kusoma. Alisema sala haifungwi na siku. Alisema kwa Mungu jana na leo ni kitu kimoja, na kwamba neno litakalosemwa sasa linaweza kumfikia Nkwabi pale kaburini, asubuhi ileile, kabla udongo haujamwagwa. Hajawahi kueleza mafundisho ya Kanisa vizuri kama siku hiyo. Na aliyaamini. Bado anayaamini.

Eufrasia aliendelea kukata mpaka akamaliza kiazi alichokuwa nacho. Akaweka kisu chini.

"Mstari uko wapi, Baba Nkwabi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, akamtazama na kungoja, kama mtu aliye tayari kuusoma mstari huo akionyeshwa. Bartholomeo alifungua mdomo. Wamakabayo, kitabu cha pili. Jibu alilompa Boaz mara zisizohesabika, huku akicheka, mikono ikinuka mlenda. Lilikuwa pale, tayari. Halikutoka.

Misa ilisomwa. Padri alilizunguka kaburi na maji ya baraka, na Bartholomeo aliongoza sala kwa sauti yake yote, na watu waliitikia. Eufrasia hakutoka ndani. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na wale waliosimama upande ule walimwona ameketi na ungo mapajani, mikono imetulia, anasikiliza kama anavyosikiliza mtu mambo ya nyumba nyingine.

Boaz haji tena Jumapili mchana. Wakikutana barabarani, yeye na shemeji yake husalimiana, huulizana habari za mvua, huagana. Bartholomeo bado ni katekista. Halmashauri haikuwa na mwingine. Sheria ile haisomwi tena, ingawa hakuna aliyetangaza kwamba imefutwa. Jumapili asubuhi anatoka mapema kwenda kugonga rimu, na njiani anapita kando ya zizi. Kwenye benchi la tatu, upande wa wanawake, wamezoea kuacha nafasi ya Eufrasia. Anasoma masomo, anasoma matangazo. Yakiisha hunyamaza kidogo, palepale ambapo zamani yalikuwa yakifuata majina, na watu wote wanajua anasikia jina lipi.